Mnauliza kwanini bado nasoma jioni? Haya, kaeni niwaambie

Swali la mdogo wangu kule kwenye grupu la ukoo limenikaa kooni tangu Jumapili, nlisema ntajibu nikipata off na leo nimepata. Aliandika hivi: dada, huko Manchester shule bure, maktaba bure, mji wenyewe ndo ulianza mambo ya viwanda kabla ya dunia nzima, sasa wewe mwaka wa sita unabeba boksi mchana jioni unarudi darasani kama mtoto, tatizo ni wewe au ni wao? Na mama mdogo akamalizia na vikatuni vya kucheka. Sawa. Sijakasirika, ila sitapaka rangi.

Kwanza la kwangu. Boksi niliacha mwaka wa pili, mgongo uligoma. Sasa hivi nipo kwenye nyumba ya kulelea wazee, naingia saa 1 asubuhi natoka saa 9 alasiri siku nikibahatika, naogesha, nalisha, nabadilisha mashuka, najaza fomu. Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni naingia darasani kusoma hesabu, za sekondari kabisa, x na y zilezile tulizopigiwa fimbo, kwasababu chuo kimoja nilichoomba unesi walikishika cheti changu cha form four wakakigeuzageuza kama noti feki wakasema hesabu rudia. Nililia kwenye basi, halafu wiki iliyofuata nikajiandikisha. Ada sijalipa, hapo mdogo wangu umesema kweli, kwa mtu mzima aliyetimiza masharti yao ya ukaazi somo hilo ni bure. Ila nauli si bure, usingizi si bure, na kila saa nnayokaa pale ni saa ya ovataimu imepita.

Sasa hilo la kwamba wenzetu shule walizikuta tu. Hapo ndo nataka kukaa kidogo maana hata mimi nlikuja na imani hiyohiyo, mpaka nilipompata bibi mmoja pale kazini, ana miaka 93, mdomo wake hauna breki. Siku moja nafunga kamba za viatu vyake nikamwambia bibi leo nimechoka na jioni nina darasa, akacheka akasema mama yake alikulia Oldham, hapa jirani tu, na akiwa na miaka 12 alikuwa nusu siku kiwanda cha pamba nusu siku shule. Wiki hii asubuhi kiwandani mchana darasani, wiki ijayo inageuzwa. Na mchana ukifika walimu wengine walikuwa wanawaacha walale tu vichwa kwenye dawati, utamfundisha nini mtoto aliyeamka saa 11 alfajiri?

Nikadhani ni chumvi za wazee. Nikaenda kusoma (maktaba hiyo ya bure mnayoisema), nikakuta ndo ilikuwa sheria kabisa. 1833 bunge lao lilisema mtoto wa miaka 9 mpaka 13 kwenye kiwanda cha nguo lazima apate masaa 2 ya shule kwa siku. Wenye viwanda wakafanya mambo ambayo sisi tunayajua vizuri sana, mambo ya cheti. Wakaguzi waliandika kwenye ripoti zao kwamba kuna mahali darasa lilikuwa stoo ya makaa na mwalimu ndo huyohuyo anayechochea moto wa boila, na kuna vyeti vya mahudhurio mwalimu aliweka alama ya msalaba kwasababu jina lake mwenyewe hawezi kuliandika! 1844 ndo ikaja hiyo ya nusu siku, tena ikaruhusu waanze kazi wakiwa na miaka 8. Umri ukapandishwa taratibu, 10, 11, 12, na mfumo wenyewe haukufutwa mpaka sheria ya 1918. Shule za msingi kuwa bure kwa wengi ni 1891, wakati huo viwanda vya Manchester vimeshavuta moshi kama miaka 100. Kwahiyo mkisema "huko elimu bure" mjue wajukuu ndo waliofaidi, mababu walikohoa pamba.

Katikati hapo nani alikuwa anafundisha? Watu wenyewe kwa wenyewe, ndo kitu kilichonishangaza. Wengi walijulia kusoma Jumapili, siku pekee mashine zimezimwa. Pale Stockport, treni ni dakika kama 10 tu, kulikuwa na Sunday school ambayo jengo lake la 1805 lilikuwa linapokea watoto maelfu, si mamia, maelfu, na ugomvi mkubwa ulikuwa je ni halali kufundisha kuandika siku ya Bwana, maana kusoma sawa ni Biblia, lakini kuandika ni kazi, hahaha. Na wale masikini wa mwisho kabisa, wa mtaa wa Angel Meadow hapa Manchester, walikuwa na shule zao zinaitwa ragged schools, yaani shule za wenye matambara, mtoto anakuja peku anapewa uji na mitalawanda ya kuvaa ndo herufi zinafuata. Jengo la Charter Street bado lipo, nimepita hapo mara nyingi naenda kazini bila kujua.

Kuhusu watu wazima, hapa bibi yetu marehemu angenielewa haraka kuliko nyie maana yeye alisoma ngumbaru, jembe likishawekwa chini ndo daftari linafunguliwa. Manchester ngumbaru yao iliitwa Mechanics' Institute, ilianzishwa 1824 na akina Benjamin Heywood mwenye benki na William Fairbairn fundi mashine, lengo mafundi wajifunze sayansi jioni wakitoka kazini. Wazo zuri. Lakini angalia kamati: wenye hela waliochanga nyingi ndo wanaochagua uongozi, fundi mwenyewe analipa kiingilio, anakaa kimya, na siasa na dini marufuku kuongelea. Mtu katoka kulala njaa sababu mshahara umekatwa, anafundishwa jinsi mvuke unavyosukuma pistoni, akiuliza habari ya mshahara anaambiwa hiyo siasa. 1829 wengine wakachoka, wakajitoa wakafungua ya kwao, wakiongozwa na Rowland Detrosier, kijana aliyekulia kwenye kazi ya kukata vitambaa akajifundisha mwenyewe. Na ile ya zamani ikaendelea, ila viti vingi vikajazwa na makarani, maana karani jioni bado ana macho, fundi kashamalizwa. Hilo nalielewa mwilini kabisa. Darasani kwetu tulianza 19, sasa hivi tupo 8, na walioondoka wengi ni wa shifti za usiku, wala si kwamba walikuwa wajinga, mmoja alikuwa ananipiga bao kwenye kila zoezi.

Kizuri ni kwamba jengo la hiyo Mechanics' Institute halikubaki la makarani milele. 1868 vyama vya wafanyakazi wa Uingereza vilifanya humo mkutano ndo ikazaliwa TUC, shirikisho lao mpaka leo. Kwahiyo siasa iliyokatazwa mlangoni iliingia ikakaa kiti cha mbele. Na madarasa yenyewe yakakua yakawa shule ya ufundi, kisha chuo kikubwa cha teknolojia ambacho 2004 kiliungana na University of Manchester.

Matajiri nao walikuwa na cha kwao, Literary and Philosophical Society, tangu 1781, madaktari na wenye viwanda wanakutana wanasomeana makala. Ila hata humo aliyewapa heshima alikuwa mtoto wa mfuma nguo wa kijijini, John Dalton, yule wa atomu mliyemkariri form two. Mnajua alikuwa anaishi kwa nini? Tuisheni. Asee kweli, alikuwa anazunguka anafundisha hesabu watoto wa watu kwa malipo, mmoja wao James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, huyohuyo Joule wa fizikia. Dalton alivyofariki 1844 watu zaidi ya 40,000 walipita kuaga jeneza. Mwalimu wa tuisheni jamani.

Lakini walionigusa zaidi sio hao, ni wale wa baa. Wafumaji na washona viatu wa Lancashire walikuwa na vyama vya mimea, wanakutana Jumapili kilabuni, kila mtu kaja na majani na maua aliyookota wiki nzima, yanamwagwa mezani, mwenyekiti anayataja moja moja kwa jina la Kilatini, na hela inachangwa, nyingine ya bia nyingine ya kununua vitabu ambavyo vinatunzwa hapohapo kilabuni. Ni chama, mchango na mzunguko, tofauti ni kwamba kwetu unapokea hela na wao wanapokea zamu ya kitabu! Mmoja wao, Richard Buxton, mshona viatu wa Ancoats, aliyejifundisha kusoma akiwa kijana mkubwa tayari, mwaka 1849 alitoa kitabu cha mimea ya maeneo ya Manchester. Alibaki masikini vilevile, hilo pia niseme, maana mnapenda sana hadithi za kusoma ukatoka.

Chuo kikuu nacho hakikuletwa na serikali. John Owens, mfanyabiashara asiye na mke wala mtoto, alifariki 1846 akaacha zaidi ya paundi 96,000 kianzishwe chuo ambacho mtu haulizwi dini yake, maana Oxford na Cambridge bila kuwa wa kanisa lao digrii hupewi. Kikafunguliwa 1851 kwenye nyumba ya kawaida tu Quay Street. Miaka ya mwanzo kilidorora vibaya. Henry Roscoe, profesa wa kemia aliyekuja 1857, alisimulia mwenyewe kwamba jioni moja kasimama mlangoni akaja mzururaji akamuuliza, bwana, hapa ndo wanapolaza wasio na makazi? Akamjibu bado, ila ukirudi baada ya miezi 6 patakuwa hivyo. Roscoe nampenda. 1862 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuia pamba isije na viwanda vikafunga, huyu aliandaa jioni za mihadhara kwa waliokosa kazi, na baadae mihadhara ya sayansi ya kiingilio cha peni moja. Wakati huohuo wasichana wa viwandani waliwekwa kwenye madarasa ya kushona na wanaume kwenye madarasa ya kusoma ndo wapate posho ya msaada.

Na hapo kwenye pamba msinipite haraka. Hela iliyojenga hivi vyuo na vyama na maktaba nzuri nzuri, nyingi ilitoka kwenye pamba iliyochumwa na watumwa Marekani, watu wa rangi yetu ambao kwao kufundishwa kusoma majimbo mengi ilikuwa kosa la jinai. Kila nikiingia kwenye jengo zuri la zamani hapa hilo linanijia, halafu nakaa nasoma, maana nifanyeje.

Maktaba: ile ya bure ya mji ilifunguliwa 1852 mtaa wa Campfield, Dickens mwenyewe alikuja kuhutubia. Sheria ya wakati huo iliruhusu kodi ndogo ijenge na kuendesha, kununua vitabu hairuhusu, kwahiyo vitabu vikachangwa, na wafanyakazi wakatoa peni zao. Ni haohao tena.

Wanawake wamekuja nyuma kama kawaida. Chuo cha Owens kilikubali wanawake 1883. Lakini 1870 walipochagua bodi ya shule ya mji mwanamke mmoja alipita, Lydia Becker, akasema kila mvulana wa Manchester afundishwe kushona soksi zake na kupika nyama yake. Mdogo wangu soma tena hiyo sentensi.

Kwahiyo tatizo ni mimi au ni wao? Mi nimekaa na hilo swali kwenye basi namba moja kila Jumanne na sioni kosa ni la nani. Mji huu mtu anayefanya kazi ya mikono amesoma kwa kuiba usingizi tangu enzi za boila, leo amebadilika rangi na lafudhi tu, darasani kwetu kuna Msudani, Mpoland, mama wa Kisomali na Mwingereza wa miaka 58 aliyefukuzwa shule akiwa na 15, huyo ndo ananieleza hesabu za sehemu (fractions), mimi namweleza alijebra. Ukitaka kuja njoo, sikukatazi, viza ikikaa vizuri njoo, ila usije ukidhani kuna mahali elimu imewekwa kwenye sahani inakungoja.

Mtihani wangu ni mwezi wa sita. Na kwakuwa tumefungua mada ya masomo ya jioni: mdogo wangu, ile hela ya tuisheni ya QT, ule mtihani wa kufuzu kufanya form four, niliyokutumia mwezi wa pili, mwalimu wako nimempigia, anasema uso wako haujui. Nijibu hapahapa kwenye grupu, mama mdogo asome.