Sanduku la marehemu baba, na maswali mengine

Wiki hii nawajibu wanaotaka kuchangia au kushirikiana na taasisi zinazotafiti historia ya siasa.

Marehemu baba alikuwa katibu wa tawi la chama. Ameacha sanduku la karatasi. Nizipange kwanza ndipo nizipeleke?

Pole sana kwa msiba. Tafadhali usizipange. Mpangilio aliouacha mzee nao ni ushahidi. Barua iliyobanwa na muhtasari wa kikao inadokeza kuwa kwake yalikuwa jambo moja. Ukizitenganisha kwa kufuata tarehe, hakuna mtafiti atakayejua tena kwamba ziliwahi kukaa pamoja. Hata vikaratasi vya ovyo viache. Niliwahi kushika muhtasari wa kurasa nne, umepigwa taipu safi kabisa, ila jina la mgombea mmoja lilikuwa limekatwa kwa penseli na jingine kuandikwa pembeni. Mstari ule wa penseli ulinifundisha kuliko kurasa zote nne.

Usibandike selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Usitie laminesheni. Pini zenye kutu mwachie mtunza nyaraka. Kama unawatambua watu pichani, andika majina yao sasa, kwenye karatasi ya pembeni, ungali unayakumbuka.

Nikishakabidhi, kila kitu ni mali yao?

Inategemea hati ya makabidhiano, kwa hiyo isome kabla ya kutia saini. Fahamu pia kwamba katika nchi nyingi, barua aliyopokea baba yako ni yenu kama karatasi, lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeiandika au warithi wake. Ukitaka faili fulani lifungwe kwa muda, taja mwaka wa kulifungua. Uliza pia watakachofanya na wasichokihitaji: watarudisha au watatupa?

Wanataka kunihoji kuhusu harakati za zamani na wameniahidi siri. Niwaamini?

Waamini kwa kadiri sheria inavyoruhusu, basi. Chuo cha Boston College, Marekani, kilisimamia mradi ulioanza mwaka 2001 wa kuwarekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, nao wakaelewa kwamba kanda hazitafunguliwa hadi wafe. Mwaka 2011 zikaja amri za kisheria kwa ombi la Uingereza, na baadhi ya kanda zikaishia mikononi mwa polisi. Baadhi ya waliosema walikuwa bado hai. Kwa hiyo uliza waziwazi: mahakama ikidai, mtafanya nini? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, usiseme lolote linaloweza kukufunga wewe au mwenzio. Una haki ya kuomba kinasa sauti kizimwe.

Kikundi chetu kina kanda za mikutano ya zamani. Taasisi kubwa inataka tushirikiane. Tukubali?

Kubalini, ila kwa maandishi. Nani anabaki na kanda zenyewe? Mtapewa nakala za dijitali? Majina yenu yatatajwa kwenye chapisho, au mtaitwa tu "wadau"? Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu waliohifadhi kanda miaka yote husahaulika mapema mno.

Msikubali pia nakala zote zikae mahali pamoja. Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilihamishia Uingereza nyaraka zake za thamani zaidi kabla Wajerumani hawajaivamia Uholanzi mwaka 1940. Tahadhari ile ndiyo iliyoziokoa.

Familia yetu ingependa kufadhili utafiti kuhusu babu yetu. Tunaweza kusoma kabla haujachapishwa?

Kusoma ili kusahihisha tarehe na majina, sawa. Kufuta msichopenda, hapana. Taasisi ikiwakubalia hilo, pelekeni fedha zenu kwingine.

Sina nyaraka wala fedha. Nisaidie vipi?

Jitolee kunukuu mahojiano, yaani kusikiliza kanda na kuandika yaliyosemwa. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, na kanda nyingi zimekaa kabatini kwa kukosa wa kuzisikiliza.