Kwa nini rangi nyeusi inapauka kwenye chombo changu cha angani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimejenga mfano wa chombo cha angani cha kubeba mizigo, skeli ya 1:72 (sentimita moja ni sawa na sentimita 72 za chombo halisi), urefu wake sentimita 48. Mwili ni bomba la PVC na karatasi za plastiki, na vikorokoro vya juu nimevitoa kwenye seti ya kifaru cha kuunganisha. Najenga chumbani usiku, AC ikiwa imewashwa, halafu napulizia rangi barazani saa moja au saa mbili usiku. Nimetumia kopo la rangi nyeusi ya kung'aa nililonunua Kariakoo. Inatoka vizuri, lakini baada ya muda mfupi inapauka kama imemwagiwa unga. Hata sehemu zilizotoka safi, chombo kinaonekana mwanasesere tu. Nibandue rangi yote nianze upya? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usibandue kitu kwanza. Rangi yako haina ubaya, na huo si unga wala vumbi. Ni maji.

Rangi nyingi za kopo hukauka kwa thina kuruka haraka. Thina inaporuka inaondoka na joto, kwa hiyo uso wa plastiki unapoa ghafla. Ukitaka kuhakikisha, jipake spiriti kidogo mgongoni mwa kiganja usikie ubaridi wake. Hewa ya Dar imejaa mvuke wa bahari, na mvuke ukigusa kitu kilichopoa vya kutosha hugeuka matone. Matone hayo, madogo kiasi kwamba huyaoni moja moja, yananaswa ndani ya rangi ambayo bado mbichi, na rangi nyeusi inageuka ya maziwa. Nyeupe nayo hupatwa na mkasa huo huo, ila haionyeshi. Ndiyo maana wengi hudhani rangi nyeusi ndiyo korofi.

Sasa angalia namba. Hewa ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75, maji huanza kujikusanya kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Una nafasi ya nyuzi tano tu, na thina inayoruka haraka inazimaliza bila shida. Wewe umezimaliza hata kabla ya kubonyeza kopo, na hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize. Chombo kimekaa saa nzima kwenye AC ya nyuzi 22 au 23. Unakitoa barazani usiku, kwenye hewa ambayo maji yake yanaanza kudondoka kwenye nyuzi 24 au 25. Plastiki tayari ina utando wa maji kabla rangi haijaifikia. Mwenye miwani anaujua utando huo: akitoka ofisini kwenye AC akashuka barabarani, vioo vinaingia ukungu papo hapo. Kwenye plastiki nyeusi hauonekani kirahisi, lakini upo.

Kwa hiyo badiliko la kwanza halina gharama. Chombo kitoke kwenye AC mapema, kikae kwenye hewa ya kawaida kwa saa moja au mbili hadi kilingane nayo, ndipo uguse kopo. Badiliko la pili ni saa ya kazi. Jioni jua likizama hewa inapoa, lakini mvuke ni ule ule, hivyo unyevu unapanda. Asubuhi na mapema ni vivyo hivyo. Hapa kwetu saa za kupulizia ni kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, maana hapo joto liko juu na unyevu umeshuka. Siku yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 60, nafasi yako inakaribia nyuzi tisa badala ya tano. Najua uko kazini saa hizo. Basi jenga usiku wote unaotaka, rangi iachie Jumamosi na Jumapili. Wakati wa masika hata mchana unaweza kukugomea. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, fanya kazi nyingine. Nunua kipima unyevu kidogo cha betri, kile chenye kipimajoto ndani yake. Mimi kikinionyesha zaidi ya asilimia 70 sipulizii rangi ya thina, hata mteja akinisimamia mlangoni.

Kama huwezi kabisa kusubiri mchana, pasha chombo moto kidogo. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 38 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 45. Kwenye karakana yangu ninapotengeneza mifano ya majengo ya wasanifu, nina sanduku la mbao lenye balbu ya kizamani ya wati 60, ile inayotoa joto, na matundu machache juu. Kitu kinakaa humo nusu saa, kinatoka kikiwa na uvuguvugu, kinapuliziwa nje ya sanduku, kisha kinasubiri hadi harufu ya thina iishe kabla ya kurudi ndani. Usikirudishe kikiwa bado kinanuka. Mvuke wa thina unashika moto, na balbu ile ni ya moto. Hakikisha pia ndani hapazidi nyuzi 45, la sivyo karatasi nyembamba za plastiki zinaweza kupinda.

Kopo lenyewe nalo lina tabia yake. Ukibonyeza mfululizo linakuwa baridi mkononi, na rangi inatoka baridi pia. Bonyeza kwa vipindi vifupi, ukianza nje ya chombo na kumalizia nje ya chombo, umbali wa sentimita 20 hadi 25. Ukienda mbali zaidi, rangi inakauka hewani na kutua ikiwa chembechembe, nawe utadhani ni ule ugonjwa wa kwanza. Unaweza kuliweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache ili litoe matone madogo zaidi. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kamwe si jikoni.

Kuhusu ulichokwisha kupulizia: acha kikauke kabisa, kisha mchana mkavu kipashe kidogo na ukipitishie mkono mmoja mwembamba wa rangi ile ile, uwe na unyevunyevu lakini usitiririke. Thina mpya italainisha rangi ya chini, na maji yaliyonaswa yatapata njia ya kutoka. Mara nyingi weupe unaondoka mbele ya macho yako. Kama una bunduki ya kupulizia, puliza thina ya kuchelewesha peke yake, ile ambayo mafundi wa magari huchanganya siku za mvua ili rangi isikauke haraka. Puliza kama ukungu tu. Palipobaki chembechembe, piga msasa wa maji namba 1000 kisha urudie. Kubandua ni kwa pale rangi inapomenyeka kwa ukucha, na hilo litakutokea hasa kama umetumia vifuniko vya chupa za maji. Plastiki ile haishiki rangi bila praima yake maalumu, yaani rangi ya kutangulia. PVC yako haitakusumbua kama uliikwaruza kwa msasa kwanza.

Tahadhari moja kwa sababu najua utashawishika: thina kali ya rangi za magari usiimwage moja kwa moja kwenye vipande vya seti ya kifaru. Vile ni polistirini, na thina ile inaiyeyusha. Utaona mistari midogo kama ya kioo kilichopasuka, na nakshi zote zimekwenda. Tanguliza praima, mikono myembamba sana, kila mmoja ukauke.

Njia nyingine ni kuachana na rangi za kukauka haraka. Rangi za mafuta za makopo, za aina wanazotumia wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, hukauka polepole, hivyo hazipoozi uso kiasi cha kuvuta maji. Kwa brashi nzuri zinajisawazisha zenyewe. Shida yake ni siku za kusubiri, na vumbi la Tabata halisubiri. Funika chombo kwa boksi safi.

Sasa tuje kwenye suala la mwanasesere, ambalo kwangu ndilo lenye utamu.

Chombo chako cha sentimita 48, kwa skeli hiyo, kina urefu wa takriban mita 34.5. Basi refu la mwendokasi, lile la kujikunja katikati, lina mita 18. Kwenye meza yako lingekuwa sentimita 25. Mtu mzima ni sentimita 2.4. Weka vipimo hivyo kichwani, kisha angalia ulichojenga. Mstari kati ya paneli mbili ukiwa na upana wa nusu milimita, kwenye chombo halisi ni ufa wa sentimita 3.6. Vidole vinaingia! Hakuna mhandisi anayerusha chombo cha namna hiyo. Rangi yenye unene wa moja ya kumi ya milimita, kwa skeli hiyo, ni tabaka la milimita 7. Hapo ndipo kingo zinapoviringika na vichwa vya skrubu vinapozama, na jicho linajua hata kama mwenye jicho hajui kueleza. Kwa hiyo mikono myembamba haihusu unyevu peke yake. Na mistari ya paneli ichore kwa ncha kali, hafifu, uiachie rangi ikamilishe kazi.

Pili, achana na nyeusi tupu, na achana na kung'aa. Ukikitazama chombo hicho kutoka sentimita 30, ni sawa na kutazama chombo halisi kutoka mita 21 na ushee. Kwa umbali huo nyeusi haiwi nyeusi tena. Inaonekana kijivu kizito, na mng'ao unapungua. Wapo wanaofuata kanuni ya kuongeza nyeupe, karibu asilimia 15 kwa skeli ya 1:72 na 10 kwa 1:48. Mimi hutumia macho: naweka kipande cha majaribio juani kando ya kitu halisi cheusi kilicho mbali, naongeza kijivu hadi vikubaliane. Utaniambia angani hakuna hewa ya kufifisha rangi. Ni kweli, hata wanaanga wa Apollo walipata taabu kukadiria umbali mwezini kwa sababu hiyo. Lakini anayekitazama chombo chako yuko Tabata, na jicho lake limefundishwa na hewa ya hapa.

Tatu, chombo kikubwa hakina rangi moja. Tafuta picha za karibu za Discovery, ile Space Shuttle ya Marekani iliyoruka mara 39 kati ya mwaka 1984 na 2011. Kwa mbali ni nyeupe na nyeusi. Kwa karibu, vigae vyake vya kukinga joto vina rangi tofauti tofauti: vilivyobadilishwa juzi ni vyeusi kweli, vya zamani vimefifia hadi kijivu. Fanya hivyo. Changanya kijivu chako katika vivuli vitatu au vinne vinavyokaribiana sana, ziba kwa tepu ya karatasi, pulizia paneli moja hapa, mbili kule. Tofauti ikionekana ukiwa mlangoni, umezidisha. Ionekane ukiinama tu.

Vipande vya kifaru umefanya vizuri kuvitumia. Mafundi waliojenga vyombo vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walifanya hivyo hivyo, wakichomoa vipande kwenye seti za vifaru na magari ya dukani. Ila gurudumu la kifaru likibaki gurudumu, siri imevuja. Likate nusu, ligeuze, lifunike na bomba.

Uchakavu ndio unaoharibu kazi nyingi ninazoletewa. Watu wanapaka kutu kila mahali kwa sababu wanaona kutu kwenye kivuko cha Kigamboni. Kivuko ni chuma kinachokaa kwenye maji ya chumvi. Chombo cha angani kingekuwa alumini au titani, ambazo hazitoi kutu nyekundu, na huko juu hakuna maji wala oksijeni ya kuileta. Jiulize kinatua wapi na kinavuja nini. Masizi yawe nyuma ya injini. Michirizi ya mafuta ianzie kwenye bawaba na matundu, ielekee nyuma kama unavyoiona chini ya matumbo ya ndege pale Kipawa, kwa sababu upepo ndio unaoisukuma. Mikwaruzo ikae mlangoni na kwenye ngazi, mahali mizigo na miguu inapopita. Mkwaruzo wa milimita moja ni sentimita 7 za rangi iliyobanduka, kwa hiyo tumia ncha ya brashi namba 0, na ujizuie.

Ili mistari ionekane, pitisha kwanza vanishi ya kung'aa, ikauke usiku mzima. Chukua rangi ya mafuta ya kuchorea, kahawia nzito iliyochanganywa na nyeusi kidogo, iyeyushe kwa tapentaini hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi. Igusishe kwenye mstari tu, itakimbia yenyewe. Baada ya nusu saa futa iliyozidi kwa kitambaa, ukivuta upande mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma.

Mwisho vanishi isiyong'aa. Hiyo nayo inapauka kwa unyevu kuliko rangi yenyewe, kwa hiyo kanuni ni zile zile za saa saba hadi saa kumi na chombo chenye uvuguvugu, tena kwa mikono miwili miepesi. Na hapo barazani, hakikisha jiko la mkaa la jirani halijawashwa upande upepo unakoelekea, na uvae barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa inazuia chembe kidogo, mvuke wa thina inaupitisha wote.