Uliza Mwalimu: Kifaransa cha mwaloni, mahari na mahali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, nina miaka 46, elimu yangu ni darasa la saba. Wateja wangu wakubwa wanatoka Kongo na Burundi. Salamu na habari za nyumbani tunaongea Kiswahili vizuri tu, ila ikifika kwenye bei wanageukiana wanaongea Kifaransa mbele yangu, mimi nabaki natazama midomo. Binti yangu ameniwekea kwenye simu programu ya kujifunza. Tena nimesikia kuna mihadhara ya jioni chuoni kuhusu kujifunza lugha ya pili, eti kila mtu anakaribishwa. Niende? Au umri umeshanitupa mkono?
Mama wa Sado, Kirumba

JIBU: Marahaba, Mama wa Sado. Mihadhara hiyo nimehudhuria minne, nimekaa benchi la nyuma na daftari langu, kwa hiyo nakujibu kama shahidi. Ukienda hutafundishwa lugha yoyote. Wanaeleza watu wanavyojifunza lugha na watafiti wanavyolichunguza jambo hilo. Na wanaeleza kwa Kiingereza. Jioni ya kwanza nilicheka peke yangu: ukumbi umejaa Wasukuma, Wakerewe, Wahaya na Wajita, tunasikiliza kwa lugha yetu ya tatu habari za ugumu wa lugha ya pili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Mhadhiri alipohamia Kiswahili dakika kumi za mwisho, mikono ilinyooka kama tuko mnadani.

Sasa umri. Mwaka 1967 Mmarekani Eric Lenneberg aliandika kwamba mlango wa kujifunza lugha kwa urahisi unajifunga mtoto akibalehe. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio la sarufi ya Kiingereza lililofanywa kwenye intaneti na watu karibu 670,000. Wao waliona uwezo wa kunasa sarufi unashuka ghafla mtu akifika miaka 17 au 18. Kwa hiyo mpaka umesogezwa, na mimi na wewe tumeshauvuka popote utakapowekwa. Lakini sikiliza wanachopima: wanapima kama mtu atafikia sarufi ya mzawa. Wewe hutaki kugeuka Mfaransa. Unataka kujua gunia lako wanalipangia bei gani.

Aliyenigusa zaidi katika mihadhara yote ni msanii mmoja Mjapani. Richard Schmidt, mtafiti wa huko Hawaii, alimfuatilia miaka mitatu na kumwandika mwaka 1983 kwa jina la Wes. Wes aliishi na watu, akafanya biashara, akapiga soga, watu wakampenda. Kuzungumza alizidi kuwa fundi, sarufi yake ikabaki karibu pale pale. Nilipoisikia habari hiyo nikawaona majirani zangu nusu mtaa. Baadaye Schmidt huyo huyo akaenda Brazili miezi mitano, akajifunza Kireno, akaandika shajara kila siku na kurekodiwa akiongea. Alipolinganisha shajara na kanda, aliona kwamba maumbo aliyoyatumia kwa sehemu kubwa ni yale aliyokuwa ameandika kwamba ameyasikia watu wakiyasema. Aliyafundishwa mengi darasani, lakini yaliyoingia mdomoni ni yale ambayo sikio liliyashtukia. Mwaka 1990 akaijenga hoja yake juu ya hapo: usichokishtukia hukipati.

Nikupe mfano wa kushtukia, Mama wa Sado, kwa sababu huu unahusu pesa. Programu nyingi hufundisha Kifaransa cha Paris, na huko sabini ni "soixante-dix", yaani sitini-na-kumi. Tisini ni "quatre-vingt-dix", nne-ishirini-na-kumi, hesabu ya kumtoa mtu jasho. Wateja wako hawasemi hivyo. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na Kifaransa cha huko sabini ni "septante", tisini ni "nonante". Ukiisubiri "soixante-dix" ya simu, bei itapita mbele ya pua yako. Kwa hiyo wiki hii usijifunze kitu kingine chochote. Kaa na magunia yako, sikio liwe linawinda maneno hayo mawili tu. Ukiyasikia, yaandike ubavuni mwa daftari la mauzo, pamoja na neno lililotangulia na lililofuata. Wiki ijayo ongeza "cent" na "mille", mia na elfu.

Halafu uyaseme. Hapa nazungumza kwa aibu yangu mwenyewe. Jirani yangu hapa Nyakato ni Mjaluo kutoka Rorya, na kwa mwaka mzima nilijisifu kwamba Kijaluo nakisikia chote. Akiongea na dada zake kuhusu omena, yaani dagaa hizi hizi unazouza, nacheka panapochekesha. Siku moja ameenda hospitali ameacha simu kwangu, mama mkwe wake anapiga, hajui Kiswahili, na mimi natakiwa kumwambia kwamba dawa zimefika. Nikapata "yath", dawa. Kitenzi kikakataa kuja. Nikarudia "yath, yath" mpaka bibi wa watu akakata simu, bila shaka akidhani ni mgonjwa mwenyewe anaweweseka. Merrill Swain wa Kanada aliliandika jambo hili mwaka 1985, baada ya kuchunguza watoto wa nyumba za Kiingereza waliosoma masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi: walielewa vizuri sana, lakini kusema na kuandika kwao bado kulikuwa na mapengo. Anayesikiliza anaweza kukisia maana kwa neno moja moja. Anayesema lazima achague kitenzi, na hapo ndipo anapogundua hana.

Basi siku utakapoisikia "septante", mjibu yule bwana "nonante" huku unaendelea kushona gunia. Utaniandikia uso wake ulivyokuwa.

SWALI: Mwalimu, nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza katika kisiwa cha Ukerewe. Wanafunzi wangu wanabadilisha L na R mpaka nachoka. Wanaandika "wananchi walipiga kula". Ninarekebisha kila siku, kesho yake ni yale yale. Mwenzangu mmoja anasema hawa ni wazembe, dawa yao ni fimbo. Wewe unasemaje?
Mwalimu Kijana, Ukerewe

JIBU: Mwenzako mwambie fimbo haijawahi kufundisha ulimi. Mimi nilivishwa kibao shingoni nikiwa darasa la tatu kwa kuongea Kisukuma wakati wa mapumziko. Shule siitaji. Nilichojifunza siku ile ni kunyamaza, na nilinyamaza vizuri mpaka kidato cha pili.

Hao watoto si wazembe, wana kanuni. Tazama ng'ambo ya ziwa, Kiganda: kazi ni "omulimu", lakini kazi nyingi ni "emirimu". Ile L imegeuka R kwa sababu imetanguliwa na I. Kwa Mganda hizo si sauti mbili za kutofautisha maana, ni sauti moja inayobadilisha vazi kufuatana na irabu iliyotangulia. Mtoto aliyekua na lugha ya namna hiyo ukimwambia "kura, siyo kula", huenda anasikia umesema neno lile lile mara mbili na anashangaa unagomba nini. Kabla ya kurekebisha mdomo, pima sikio. Sema "mahali" na "mahari" ukiwa umewapa kisogo, wanyooshe mkono wa kulia kwa mojawapo na wa kushoto kwa nyingine. Ongeza "hali" na "hari". Wakikosea nusu kwa nusu, umepata ugonjwa wenyewe. Nami nakuhakikishia "mahari" hawataisahau, hasa ukiwatungia kisa cha bwana harusi aliyetumwa kutafuta mahari akarudi na kiwanja.

Kuhusu kurekebisha: nadhani unafanya kama nilivyofanya mimi miaka 31. Mtoto anasema "walipiga kula", mwalimu anadakia "ndiyo, walipiga kura, endelea." Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi madarasa manne huko Kanada, watoto wakisoma kwa Kifaransa, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kudakia namna hiyo hiyo. Na katika kila 100, ni 31 tu ambapo mwanafunzi alionyesha kwa jibu lolote kwamba amesikia anarekebishwa. Wengine walisikia "ndiyo, endelea", wakaendelea. Lakini mwalimu alipomrudishia mtoto kazi, akamwachia sentensi hewani aimalizie mwenyewe, mtoto alijibu kila mara. Kujibu si sawa na kujua, hilo walisema wenyewe, ila angalau aliyejibu ameguswa. Kwa hiyo kesho muulize tu: "Walipiga nini?" Kisha subiri. Kusubiri ndiko kutakakokuchosha. Hesabu kimoyomoyo mpaka saba.

Na usirekebishe kila kitu. Chagua jozi moja kwa wiki, nyingine zipite.

Larry Selinker mwaka 1972 alisema mwanafunzi wa lugha ana lugha yake ya katikati, si ile aliyotoka nayo wala ile anayokwenda, nayo ina utaratibu wake. Ukitaka kuuona utaratibu huo kwa watu wazima wenye akili timamu, simama pale penye mzunguko wowote wa barabara hapa mjini. Waingereza waliandika kibao "keep left", shika kushoto. Sisi tukaona neno linaanza na "ki", tukaliingiza kwenye ngeli ya kiti na viti, leo tuna kipilefti kimoja na vipilefti viwili. Kitabu nacho kilitoka kwenye Kiarabu bila "vi" yoyote. Hakuna aliyetuchapa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, natakiwa kuandika utafiti. Nimechagua "Changamoto za Ujifunzaji wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari Mkoani Mwanza." Msimamizi amekataa mara mbili. Nisaidie.
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki. Kichwa hicho nimekiona kikibadilishwa jina la mkoa tu tangu enzi za mashine ya chapa. Utagawa hojaji, watoto watakujibu kwamba vitabu havitoshi na walimu ni wachache, utachora duara la asilimia, basi. Hapo hujachunguza lugha, umechunguza malalamiko.

Punguza. S. Pit Corder aliandika makala mwaka 1967 akitenganisha mtelezo wa ulimi, ambao mtu akiusikia anajirekebisha, na kosa lenye mizizi, ambalo linatuonyesha mwanafunzi amefikia wapi. Chukua hilo peke yake. Tafuta darasa moja la kidato cha kwanza, watoto 12 tu, wakusimulie kwa Kiingereza jambo moja: safari ya kivuko, au namna dagaa wanavyoanikwa. Rekodi. Siku ya pili wasikilizishe sauti zao wenyewe, mmoja mmoja, usiseme neno. Wanaposimamisha simu na kujirekebisha, weka alama. Wanapopita bila kushtuka, weka alama nyingine. Kisha jiulize yale yasiyowashtua yanafanana na nini katika Kiswahili, au katika lugha ya nyumbani kwao. Utapata kurasa za kutosha kabla hata hujagusa sura ya tatu.

Usipige picha za watoto, na kabla ya kubonyeza kurekodi uwe na ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, kwa maandishi. Barua ya wazazi iandike kwa Kiswahili.