Mji wa kale ukitikisika, watu wakimbilie wapi?

Wasomaji wameuliza kuhusu viwanja vya wazi vya miji ya kale na kazi yake wakati wa maafa. Nimejibu nikiitazama zaidi Kathmandu, Nepal, ambako jambo hili lilijaribiwa kwa uchungu mkubwa.

Mwaka 2015 watu wa Kathmandu walikimbilia wapi?

Tetemeko la Aprili 25, lenye ukubwa wa 7.8, liliwakuta Jumamosi kabla ya adhuhuri. Maelfu walikwenda Tundikhel, uwanja mkubwa ulio katikati ya mji, wakalala chini ya maturubai. Mei 12 likaja jingine la 7.3, na waliokwisha kurudi majumbani wakatoka tena. Kwa hiyo anayepanga asihesabu usiku mmoja. Ahesabu wiki, na wiki zinadai maji, vyoo, taa na pahali pa mama kunyonyeshea.

Mitaa ya kale pale ina nyua za ndani. Hazitoshi?

Kwa dakika za mwanzo zinaokoa. Lakini nyua hizo, ziitwazo bahal, nyingi huingiwa kwa kijia chembamba kipitacho chini ya nyumba. Nyumba ya matofali na udongo ikiporomoka, kifusi kinaziba njia, na walio ndani wanabaki wamezungukwa na kuta zilizopasuka. Ramani inayotaja ukubwa wa ua bila kutaja njia zake inawadanganya watu. Kwanza tujue njia ni ngapi, kuta za kandokando zina kimo gani, na ambulensi itafika wapi. Ua wenye njia moja usiandikwe kuwa kambi, hata uwe mpana vipi.

Viwanja vya majumba ya kifalme navyo vina hatari yake. Kasthamandap, jengo la kale lililoupa mji jina, lililosimama kwenye kiwanja kimoja cha namna hiyo, lilianguka Aprili 25 likiwa na watu ndani.

Orodha ya viwanja ikiwepo, tumemaliza?

Hapana. Bonde la Kathmandu lilikuwa na orodha ya maeneo 83 ya wazi kabla ya tetemeko, lakini orodha peke yake hailindi. Kiwanja kisicholindwa humegwa kidogo kidogo, leo maegesho, kesho maduka.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Miji hii inamfikiria?

Mara nyingi haimfikirii, na hilo linaniuma. Ngazi za mawe na vizingiti virefu humfungia ndani hata siku ya amani. Mteremko wa mbao unaweza kuwekwa bila kuligusa jiwe la kale. Majirani wa kumsaidia nao wachaguliwe mapema, kila mmoja ajijue.

Na Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari, inafaa moto ukizuka vichochoroni, haifai bahari ikichafuka. Uwanja wa Mnazi Mmoja ni mpana na gari linafika, ila uko bondeni, kando ya lililokuwa hori, yaani mkono wa bahari, na maji hutuama. Ningependa masheha (viongozi wa mitaa) na wakazi wazitembee njia za kufika huko usiku, taa zikiwa zimezimwa, wakiwa na wazee wao na watoto, na watu wa zimamoto waonyeshe ni kona ipi gari lao linakwama.