Barua kwa mwanangu: kabla hujalipa ada ya unesi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza saa tisa usiku, zamu imepoa, wazee wangu wote wamelala. Unauliza kama digrii ya uuguzi ya miaka miwili, hiyo ya chuo cha jamii karibu na kwako, ina thamani yoyote, maana rafiki yako anayesoma chuo kikuu amekwambia utatoka nesi nusu.

Nesi nusu hayupo. Nyumbani tumezoea ngazi: cheti, stashahada, shahada. Huku Marekani, aliyesoma miwili na aliyesoma minne wanafanya mtihani mmoja, NCLEX-RN, na wakifaulu leseni ni ileile. Wala si jambo la juzi. Mwalimu wa uuguzi wa huku, Mildred Montag, alianza kuujaribu mpango huu wa miaka miwili mwaka 1952.

Ila rafiki yako hajakosea kote. Hospitali nyingi kubwa hupendelea wenye shahada ya minne, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka manesi wapya waipate ndani ya miaka 10. Kwa hiyo uliza: nikimaliza hapa, ni chuo kikuu gani kitapokea krediti zangu, yaani hesabu ya masomo niliyomaliza? Wakuoneshe makubaliano yaliyoandikwa.

Hapo ndipo mimi niliposhikwa. Ulikuwa darasa la nne. Nililipa shule moja ya binafsi, ina mazulia mazuri na dada wa mapokezi anayekuita kwa jina. Nilipotaka kuhama, hakuna chuo kilichozitambua krediti zangu. Shule ilikuwa na idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo lakini haina ithibati inayotambulika, na mimi nilidhani ni kitu kimoja. Idhini ndiyo inayokufungulia mtihani. Ithibati, kama ya ACEN, shirika linalokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi, ndiyo vyuo vingine huiangalia unapotaka kuendelea. Dai zote mbili.

Halafu matokeo. Bodi nyingi za majimbo huweka kwenye tovuti asilimia ya waliofaulu NCLEX mara ya kwanza, chuo kwa chuo. Itazame, lakini usilewe nayo. Chuo kikianza na wanafunzi 60, kikawachuja wakabaki 25, na hao 25 wakafaulu wote, kitajitangaza mia kwa mia. Wale 35 na madeni yao hutawaona kwenye bango. Uliza walianza wangapi.

Na miwili si miwili. Kuna anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia za kumaliza kwanza, kwa hiyo wewe hesabu mitatu. Mazoezi ya wodini nayo mara nyingi huanza alfajiri, na hiyo kazi yako ya usiku sijui utaiweka wapi.

Siku ya kutembelea chuo, omba kuingia chumba cha mazoezi. Tafuta ule mkono wa mpira wa kujifunzia kuchoma sindano. Ukiukuta umetobokatoboka, rangi imebabuka pale kwenye mshipa, ujue watu wanafanya kazi humo. Ukiukuta unang'aa kama wa dukani, muulize mwalimu mara ya mwisho uliguswa lini, kisha mtazame usoni.

Nitumie jina la chuo kabla hujalipa hata senti. Nitalitafuta mwenyewe kwenye orodha ya bodi leo saa nane usiku, nikiwa kwenye chai.

Mama