Aanze na gia za mkono

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama anayejifunza udereva leo ana haja ya kuhangaika na klachi, ile pedali ya kushoto inayokata na kuunganisha nguvu ya injini unapobadilisha gia, wakati magari mengi tunayonunua ni otomatiki. Jibu langu ni kwamba anayo, tena kubwa. Aanze na gia za mkono, na akizipenda abaki nazo kama nilivyobaki mimi.

Mimi ni dereva wa Canter ya kusambaza dawa, kutoka Dar es Salaam hadi Iringa na kurudi. Nyumbani Kimara nina gari langu dogo, nalo lina gia za mkono. Nilihangaika kulipata, maana IST, Passo, Vitz na Noah zinazoshushwa bandarini kutoka Japani karibu zote ni otomatiki. Dalali alidhani natafuta cha bei rahisi. Nilikuwa natafuta gari ninaloliendesha mwenyewe.

Hoja ya foleni naijua. Ukitoka Mbagala jioni, mguu wa kushoto unapanda na kushuka mpaka paja linauma, na mwenye goti bovu namshauri achukue otomatiki bila kusita. Hoja ya mafuta nayo sina haja ya kuitetea, kwa sababu otomatiki za siku hizi zinabana mafuta vizuri. Mimi nazungumzia anayejifunza, na kile kinachoingia kichwani mwake katika wiki zile za mwanzo.

Gari la gia za mkono halikuachii ukae tu. Unaona tuta mbele, unatoa mguu kwenye mafuta, unagusa breki, unakanyaga klachi, unashuka kutoka namba tatu kwenda mbili, na yote hayo yawe yamekwisha kabla tairi halijafika kwenye tuta. Huwezi kuyafanya kama macho yako yako kwenye simu au kwenye bampa ya aliye mbele. Sikio nalo linafundishwa. Injini ikikoroma na gari likatetemeka, gia ni kubwa kuliko mwendo. Ikilia kwa sauti ya juu, inadai gia inayofuata. Mwalimu wangu alikuwa akifunika mshale wa spidi kwa gazeti na kuniambia nibadilishe gia kwa kusikiliza. Nilimwona mkali wakati ule. Leo nikipanda gari la mtu, nasikia linavyojisikia kabla sijatazama dashibodi.

Halafu kuna kilima. Anayejifunza hapa mjini hawezi kukikwepa: Goba, Makongo Juu, vichochoro vya Kimara, au pale unapotoka kwenye pantoni ya Magogoni na kupandisha upande wa Kigamboni, mbele yako wamesimama na nyuma yako bajaji imekaribia kugusa bampa. Unavuta handibreki. Unatia namba moja. Unaachia klachi taratibu mpaka inaposhika, na utajua imeshika kwa sababu mlio wa injini unashuka na pua ya gari inainuka kidogo. Hapo ndipo unaongeza mafuta na kuachia handibreki, na gari linaondoka bila kurudi nyuma. Anayejishikilia kilimani kwa kuikanyaga klachi nusunusu anaiunguza, na harufu yake wote tunaifahamu. Somo hili lina maana kubwa: dereva anajua nguvu ya injini inafikaje kwenye matairi, na inakatika wapi.

Maana hiyo niliiona vizuri zaidi kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Nikirudi kutoka Iringa, natia namba mbili kabla mteremko haujaanza. Injini ndiyo inayolishika gari, na breki nazigusa tu pale inapobidi, zisipate moto. Breki zikichemka hupoteza nguvu, na kurudisha gia nzito wakati gari limeshashika kasi ni kazi ambayo sitaki mtu yeyote aijaribu. Wapo wanaoshuka na frii, yaani gari halimo kwenye gia yoyote, wakidhani wanaokoa mafuta. Wanahatarisha roho za watu, na hayo mafuta hawayaokoi: injini ya kisasa ukitoa mguu huku gia imeingia hukata mafuta yenyewe, lakini kwenye frii lazima iendelee kuyachoma ili isizime. Otomatiki nyingi nazo zina L na 2, gia nzito kwenye mkono wa gia, kwa kazi hiyohiyo. Wengi niliowauliza hawajawahi kuzigusa, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kwamba dereva anachagua gia.

Kazi nayo ipo. Fuso, Canter, Coaster za abiria, Land Cruiser mkonga zinazobeba wagonjwa na watumishi vijijini, nyingi zina gia za mkono. Uingereza wameliweka hili kwenye leseni: aliyepasi kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono mpaka afanye mtihani mwingine, na aliyepasi kwa gia za mkono anaendesha yote mawili. Naona wana haki.

Linaloniuma zaidi ni mabinti. Binti akienda kujiandikisha, mara nyingi anaambiwa, "Dada, wewe chukua otomatiki, klachi itakusumbua." Klachi haitaki misuli, inataka utulivu wa mguu, na utulivu hauna jinsia. Kaka yake hasikii maneno hayo. Yeye anafundishwa gari ambalo kesho litampa ajira, na dada anafundishwa gari la kwenda sokoni. Wazazi mnaolipa ada, msikubali.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza, kabla hujatoa pesa uliza gari la mafunzo ni la aina gani, na uliombe ulione. Uliza pia kama watakutoa kiwanjani wakupeleke kilimani, ukiwa na leseni yako ya kujifunzia na alama ya L imebandikwa, na mwalimu akiwa pembeni yako. Wakisema kozi nzima inaishia kwenye tambarare, tafuta chuo kingine.