Jibu: Binti anayelia akikosa muda wake wa mita 1500

Pole dada. Umeandika kwamba binti yako, mkimbiaji wa mita 1500, hulia akishindwa kufikia muda anaoulenga. Binti wa miaka 15 anayekimbia siku 7 kwa wiki na sasa hataki hata kuona viatu vyake si mvivu, amechoka. Apumzike angalau siku 1 kila wiki, na saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake, yaani 15. Asubuhi, kabla hajainuka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60. Yakizidi kawaida yake siku kadhaa mfululizo, apunguze mazoezi. Hedhi ikikatika miezi 3, tafadhali mpeleke kwa daktari: mara nyingi chakula hakitoshi, na mifupa hudhoofika hadi kupata nyufa. Siku za mbio nyepesi saa ya mkononi ibaki nyumbani. Akirudi, usianze kumuuliza muda. Muulize miguu inajisikiaje.